Dereva Yuko Wapi?

Kila mwanzo wa mwezi wa sita, simu za Wakongomani hapa kambini zinapokea picha moja. Ni ya Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu aliyeuawa Kinshasa mwaka 2010. Watu wanaitumiana, wanaweka mshumaa, kesho yake wanarudi kwenye habari za mpira. Juzi kijana mmoja wa kundi letu, mtoto aliyezaliwa hapa hapa Dzaleka, alinionyesha ile picha akaniuliza, "Kaka, huyu alikuwa nani?" Nikamweleza yote ninayoyajua. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na dereva wake alienda wapi?"

Nikamjibu haraka haraka, "Naye walimuua."

"Walimzika wapi?"

Hapo nikanyamaza. Kusema kweli, hata jina la huyo dereva nilikuwa sina uhakika nalo.

Mimi si mwanasheria. Nilimaliza sekondari humu kambini, kazi yangu ni kukaa na vijana: mpira, mijadala, kumsindikiza mtu hospitali. Lakini lile swali lilinikaa kichwani, na sababu yake nitaisema mbele, maana kwetu pia kuna dereva. Wiki chache baadaye nilipata kibali cha kutoka kambini kumsindikiza kijana mgonjwa Lilongwe, kwenye hospitali kubwa. Tulikaa siku tatu. Wakati yeye amelala, mimi nilikaa kwenye benchi la nje, simu mkononi, nikasoma kesi yote kuanzia mwanzo. Kifaransa changu ni cha shule ya msingi, huku tulisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo ukurasa mmoja ulikuwa unanila nusu saa. Pengine ni vizuri. Ukisoma polepole unaona vitu.

Mambo yenyewe ni haya. Jumanne tarehe 1 Juni 2010, Chebeya alitoka ofisini kwake kwenda makao makuu ya polisi mjini Kinshasa, kwa miadi na mkuu wa polisi wa nchi nzima, Jenerali John Numbi. Chebeya alikuwa mtu wa Kivu ya Kusini, kiongozi wa shirika la La Voix des Sans-Voix, Sauti ya Wasio na Sauti. Katika mambo aliyokuwa anayafuatilia yalikuwemo mauaji ya wafuasi wa Bundu dia Kongo kule Bas-Congo, miaka ya 2007 na 2008, ambayo polisi walinyooshewa kidole. Nchi ilikuwa inajiandaa na sherehe kubwa za miaka 50 ya uhuru, tarehe 30 ya mwezi huo huo, na wageni wakubwa walikuwa wanangojewa. Chebeya alimjulisha mke wake kwamba amefika pale polisi na anasubiri. Anayeendesha gari alikuwa Fidèle Bazana.

Kesho yake, tarehe 2 Juni, gari lilikutwa nje ya mji, upande wa Mitendi, komine ya Mont-Ngafula, kwenye njia ya kwenda Matadi. Chebeya alikuwa kiti cha nyuma, amekufa. Ndani ya gari kulikuwa na kondomu, nywele bandia na kucha bandia za kike, na suruali yake ilikuwa imefunguliwa. Bazana hakuwepo. Hajaonekana tena tangu siku ile.

Sasa tuanze kupima. Ni nini alichotaka kusema yule aliyeweka zile kucha? Alitaka uone mzee aliyetoka na mwanamke, moyo ukamshinda, akafia kwenye starehe. Aibu ingefunga watu midomo, hata familia. Si unajua kwetu msiba wa namna hiyo unavyozikwa: haraka, bila maswali. Na hadithi hiyo ilikuwa na mguu mmoja wa kusimamia, maana madaktari wa Uholanzi walioitwa kuchunguza mwili hawakusema kwa uhakika kwamba huyu ameuawa. Walikuta moyo wenye matatizo, na pia dalili za kuumizwa mikononi na miguuni. Wakili wa upande wa polisi angeweza kuushika ule moyo na kusimama nao mahakamani.

Lakini kuna dereva. Kama Chebeya alikufa kwa starehe, dereva aliyempeleka huko alipaswa kuwa wa kwanza kupiga simu. Au kama aliogopa na kukimbia, angekimbilia kwake, kwa mke na watoto, au angalau kwa rafiki, na baada ya wiki moja au mwezi angetafuta njia ya kusema. Au tuseme dereva ndiye muuaji. Basi alimuua bosi wake kwa sababu gani, akaliacha gari, akatembea kwa miguu usiku mpaka wapi? Ukijaribu kila njia, ile picha ya ndani ya gari inasimama tu kama dereva haulizwi. Waliopanga zile kucha walisahau kwamba gari lina viti vya mbele.

Kwangu hiyo ndiyo nukta ya kesi nzima. Mwili wa Chebeya ulizua ubishi kati ya madaktari na mawakili kwa miaka. Mwili ambao haupo haukuhitaji daktari. Mtu mmoja akifa unaweza kusema ni moyo. Mtu mmoja akifa na mwenzake akapotea usiku huo huo, baada ya kwenda mahali pamoja, hakuna moyo unaoeleza hilo.

Nataka niseme kitu kuhusu neno hili "dereva". Kwenye taarifa nyingi nilizosoma ameandikwa hivyo tu, "dereva wake", kama vile ni kifaa cha gari. Fidèle Bazana alikuwa pia mwanachama wa lile shirika. Alijua kazi inayofanyika mle ndani na alijua anampeleka nani kwa nani. Lakini tunapoweka mishumaa tunaweka mmoja. Hata mimi ndivyo nilivyofanya.

Niliporudi kambini nilimwendea mzee mmoja, jirani wa upande wa Likuni. (Kwa msomaji wa nje: zoni za kambi yetu zimepewa majina ya sehemu za Malawi. Mtu akikwambia anaenda Blantyre, atarudi baada ya dakika kumi.) Huyu mzee alikuwa karani wa mahakama kule kwetu kwa miaka mingi, kabla ya vita kumfanya muuza mkaa. Nikamweleza kwamba watuhumiwa ni wengi na kila mmoja ana maneno yake, sijui nimwamini nani. Akacheka. Akasema mahakamani yeye alikuwa anaandika tu, hakuwa anahukumu, lakini mtu akiandika maneno ya waongo miaka ishirini sikio linafunguka. Akanipa maswali matatu: huyu aliona kwa macho au alisikia? Akisema hivi, anapata nini? Akisema hivi, anapoteza nini? "Hilo la tatu," akasema, "ndilo watu wanasahau, mwanangu."

Basi nilirudi kwenye kesi na maswali ya mzee.

Numbi alisimamishwa kazi siku chache baada ya mauaji. Kesi ilianza mwezi wa kumi na moja 2010 kwenye mahakama ya kijeshi, na waliokaa kwenye benchi walikuwa askari polisi wa chini yake. Jenerali mwenyewe aliitwa kuhojiwa tu, hakushitakiwa. Alikana kwamba alikuwa na miadi na Chebeya siku ile. Tarehe 23 Juni 2011 hukumu ikasomwa. Wanne walipewa adhabu ya kifo: Kanali Daniel Mukalay wa huduma maalum za polisi, aliyekuwepo mahakamani, na wengine watatu waliokuwa wamekwisha kutoroka, yaani Christian Ngoy aliyeongoza kikosi kilichoitwa Simba, Paul Mwilambwe na Jacques Mugabo. Kisha rufaa ikachukua miaka. Tarehe 17 Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimpunguzia Mukalay mpaka miaka 15, na wenzake waliokuwa naye kwenye rufaa wakaachiwa.

Soma tena kwa jicho la mke wa dereva. Kutoka kifo mpaka miaka 15 kwa mtu mmoja. Na mume hayupo, si hai si maiti.

Wa kwanza kuongea kutoka ndani alikuwa Mwilambwe. Alikuwa ofisa wa usalama pale pale makao makuu. Alikimbilia nje, akaja kutokea Senegali, akahojiwa kwenye filamu ya Mbelgiji Thierry Michel kuhusu kesi hii. Alisema aliona mauaji kwa kamera za ulinzi, na kwamba amri ilitoka kwa Numbi. Swali la kwanza la mzee: aliona kwa macho? Anasema ndiyo. La pili: anapata nini? Anapata mengi. Ni mtu mwenye hukumu ya kifo kichwani anayesema "mimi niliangalia tu". Mtu wa namna hiyo lazima umsikilize ukiwa umeshika mfuko wako. La tatu: anapoteza nini? Mwanzoni sikuona. Lakini mwaka 2021 alirudi Kinshasa, akajiweka mikononi mwa mahakama ile ile iliyoweza kumrudishia kamba shingoni. Muongo anaweza kuongea akiwa mbali. Kurudi ni kitu kingine. Hilo halifanyi kila neno lake kuwa kweli, ila uzito wake umebadilika.

Halafu ukaja mwaka 2021 wenyewe. Ili uelewe mwaka huo, kumbuka kwamba Kabila alitoka madarakani Januari 2019, na mwezi wa saba 2020 Numbi aliondolewa kwenye cheo alichokuwa nacho wakati ule jeshini. Mwezi wa tisa Ngoy akakamatwa Lubumbashi. Februari 2021 askari polisi wawili waliokuwa wamekimbilia nje waliongea na redio RFI na gazeti la Le Monde. Hawakusema "tulisikia". Walisema tulikuwepo. Walieleza kwamba Chebeya na Bazana walivikwa mifuko ya plastiki kichwani mpaka pumzi ikaisha. Chebeya akapelekwa kwenye gari lake na zile nywele na kucha zikapangwa. Bazana akapelekwa kuzikwa kwenye kiwanja cha jenerali mmoja wa jeshi nje ya mji. Jacques Mugabo, mmoja wa wale watatu waliohukumiwa bila kuwepo, alikamatwa mwezi huo huo, naye akakiri.

Nilipofika hapo nilifunga simu. Plastiki. Yaani mfuko kama huu tunaobebea nyanya.

Lakini mzee hakunifundisha kulia, alinifundisha kuuliza. Hawa walinyamaza karibu miaka kumi na moja. Kwa nini waongee sasa? Mtu wa upande wa Numbi atakwambia: kwa sababu mkubwa ameanguka, na kila mtu anamrushia jiwe aliyeanguka. Hoja hiyo ina nguvu, tusiidharau. Ila geuza upande wa pili. Kama ungekuwa askari mdogo, na aliyekupa kazi ile bado ana nyota mabegani na walinzi mlangoni, ungeongea lini? Ungengoja aanguke. Kwa hiyo tarehe waliyoongea haithibitishi uongo wala ukweli, maana muongo na mkweli wote wawili wangengoja siku ile ile.

Kinachonifanya niwasikilize ni vitu viwili. Kimoja, walijitaja wenyewe. Kusema "nilikuwepo mtu alipokuwa anakosa pumzi" ni kujifunga. Mtu anayetaka tu kumwangusha jenerali anaweza kusema aliambiwa na rafiki, akabaki msafi. Ni kweli walisema pia "tuliamriwa", na neno hilo linapunguza mzigo wao, nami nalipunguza wakati wa kulipima. Kitu cha pili ni kikubwa zaidi: walitaja mahali. Maneno mengi hayawezi kukaguliwa. Hakuna aliyerekodi amri iliyotolewa ofisini usiku. Lakini mahali panaweza kuchimbwa. Ukisema "alizikwa kwenye kiwanja fulani", umeweka uongo wako, kama ni uongo, mahali ambapo jembe linaweza kuufikia. Waongo wenye akili hawafanyi hivyo. Wanasema mwili ulitupwa mtoni.

Kesi ya pili ilifunguliwa tarehe 22 Septemba 2021 kwenye gereza la Ndolo, Kinshasa. Tarehe 11 Mei 2022 Ngoy alihukumiwa kifo, Mugabo akapewa miaka 12, Mwilambwe akaachiwa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini siku hukumu inasomwa, familia ya Bazana ilikuwa bado haijapewa mwili. Waliomba ufukuliwe, mashirika yakaomba. Mahakama imesema nani aliua, shahidi amesema wapi alizikwa, na kaburi bado halipo.

Na Numbi? Hakukaa kwenye benchi la washitakiwa mwaka 2010, wala 2021. Taarifa zilisema alivuka mpaka mwaka 2021, akakimbilia Zimbabwe. Amekana siku zote kuhusika, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Hapa nataka tuwe waangalifu, hasa sisi vijana ambao tunapenda kumaliza kesi kwa sentensi moja ya simu. Kuna ushahidi wa mkono na kuna ushahidi wa mdomo. Mkono ni aliyeshika mfuko wa plastiki. Mdomo ni aliyesema "fanyeni". Mkono unaacha alama: gari, mwili, watu waliokuwa zamu usiku ule. Mdomo hauachi kitu, isipokuwa wale waliousikia waamue kusema.

Kwa jambo hilo hatuna haja ya kwenda Kinshasa, hata hapa Malawi wanalijua. Tarehe 18 Mei 1983 mawaziri watatu, Dick Matenje, Aaron Gadama na Twaibu Sangala, pamoja na mbunge David Chiwanga, walikufa huko Mwanza, karibu na mpaka wa Msumbiji. Serikali ya Kamuzu Banda ilisema ni ajali ya gari. Familia zilipewa majeneza na kuambiwa wasiyafungue. Ilibidi Banda ashindwe uchaguzi wa 1994 ndipo tume iundwe chini ya Jaji Mtegha, na askari polisi wakaeleza jinsi wale wanne walivyouawa kwanza, gari likasukumwa baadaye. Ona jinsi inavyofanana: watu wanauawa, gari linapambwa, aibu au ajali inaandikwa, kimya kinakaa mpaka mkubwa aanguke, kisha askari wanaongea. Banda, John Tembo na wenzao walishitakiwa, na Desemba 1995 waliachiwa, kwa sababu mahakama haikuona ushahidi wa kutosha wa kuwafunga na ile amri. Mkono ulipatikana, mdomo haukupatikana.

Mahali hapa tunapoishi palikuwa gereza katika miaka hiyo hiyo ya Banda. Jina Dzaleka, wenyeji wanatuambia, ni maneno ya mfungwa: sitarudia tena. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa. Huwa nafikiria ni wangapi waliletwa huku wakati wa gereza na mama zao hawakuambiwa wameletwa wapi.

Kama mtaniuliza mimi nani aliyempoteza Bazana, nitajibu kwa ngazi. Kwamba alikufa usiku ule kwa mikono ya polisi waliokuwa pale makao makuu, nina uhakika nalo kama ninavyokuwa na uhakika na kitu nisichokiona: mashahidi wa ndani, walioongea mahali tofauti na miaka tofauti, wanaelekea huko, na ile hadithi ya gari inaanguka bila wao. Kwamba Ngoy aliongoza kazi, mahakama imesema, nami sioni sababu ya kubisha. Kwamba Mukalay alikuwa peke yake juu ya mambo, kama mtu angeweza kufikiri baada ya hukumu ya 2015, siamini. Kikosi, magari, kiwanja cha jenerali wa jeshi, kunyamaza kwa miaka kumi: kanali mmoja hawezi kununua vyote hivyo. Kwamba amri ilitoka kwa mkuu wa polisi, mashahidi wamesema, na sijamsikia akiulizwa mbele ya jaji kama mshitakiwa. Kwa hiyo hapo nasimama. Natamani nisisimame, lakini mzee karani ananiangalia.

Nimesema kwetu pia kuna dereva. Ni baba mdogo, mdogo wake baba yangu. Alikuwa anaendesha lori la kukodiwa kati ya Uvira na Baraka, mihogo, samaki, saruji, watu juu. Mwaka 2011 alitoka na hakurudi. Lori halikuonekana pia. Nilikuwa mtoto, nakumbuka zaidi kelele za radi usiku ule kuliko uso wake.

Nyumbani tuna maelezo manne. Shangazi anasema alivuka ziwa, yuko Kigoma, ana mke mwingine. Jamaa mmoja wa hapa Kawale anasema alimwona ameshikwa na watu wenye silaha. Mchungaji alisema aliona katika maombi kwamba yuko hai. Na mwenye lori alisema, mpaka anakufa, kwamba baba mdogo aliliiba lori.

Kwa miaka yote tulikuwa tunachagua hadithi kwa moyo. Siku nzuri tunachukua Kigoma. Tukigombana na shangazi tunachukua watu wenye silaha. Safari hii nilikaa na kalamu. Mwenye lori alipata nini kwa kusema wizi? Alipata kutodaiwa na familia yetu. Shangazi aliona? Hapana, aliambiwa na mwanamke aliyeambiwa na mvuvi. Na kwa nini mtu akimbie na mke mpya bila kurudi kuchukua hata koti lake? Jamaa wa Kawale nilimfuata kwake, nikamuuliza kwa heshima, "Kaka mkubwa, ulimwona wewe?" Akakaa kimya muda mrefu. Akasema aliona lori, na watu wenye silaha, na dereva kwa mgongo. Kwa mgongo. Miaka yote hiyo tumekuwa tunalilia mgongo.

Nilimweleza bibi kwamba hapa kambini Msalaba Mwekundu wanapokea maombi ya kutafuta ndugu waliopotea, kwamba tunaweza kuandikisha. Nilitegemea akatae, maana bibi anasema mtu akiandikwa kwenye karatasi ya waliopotea ndiyo amezikwa. Akaniuliza tu, "Batauliza nini?" Nikamwambia: jina lake, jina la mama, alizaliwa wapi, mara ya mwisho alionekana wapi na nani alimwona. Akasema, "Basi usiandike bongo. Uandike ya yule mutoto."

Yule mtoto ni konvoyeri wa lori, kijana aliyekuwa anapanga mizigo, ambaye asubuhi ile baba mdogo alimshusha njiani kwa sababu alikuwa na homa. Siku hizi ni mtu mzima, ana duka dogo kule kwetu, na nilimpata kwa simu baada ya kupitia watu watano. Hapati kitu akisema, wala hapotezi. Yeye hajui Kigoma wala watu wenye silaha. Anajua jambo moja tu aliloliona mwenyewe.

Kwenye fomu niliandika majina yote matatu ya baba mdogo, bibi akinisomea herufi ingawa yeye hasomi. Kwenye mstari wa mahali alipoonekana mara ya mwisho nikaandika: karibu na daraja la Mutambala, asubuhi, amesimama mbele ya gari, anafuta kioo.